Kimbia na Maji: Njia za Paje, Jambiani na Uwanda wa Nyuma Yake

Kabla sijavaa raba huwa natazama kalenda ya msikitini, ile yenye tarehe za mwezi mwandamo, niliyoitundika jikoni. Saa naitazama baadaye. Ikiwa ni tarehe 14 au 15, au mwezi ndiyo kwanza umeandama, najua ni bamvua, siku za maji makubwa: maji yanajaa kiasi saa 10 alfajiri na kukupwa kiasi saa 4 asubuhi. Nikitoka saa 12 siku hiyo nitakuta ufukwe mwembamba, mchanga umelowa mpaka kwenye mizizi ya minazi. Ikiwa ni tarehe 10 au 11, maji yanakupwa kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi, jua bado changa, na bahari imejivuta mbali. Hizo ndizo siku zangu.

Mimi ni mtoto wa Jambiani, na ukanda huu wa mashariki ya Unguja, kutoka Bwejuu kupita Paje mpaka kwetu, kilomita 10 hivi, nimeukimbia kwa miaka tisa. Nimesikia mengi kuhusu pwani na mbio. Mwalimu mwenzangu aliyehamia kutoka bara aliniambia kwa nia njema kabisa: “Dada, huku kwenu ni bapa kama sinia. Pumzi utaipata wapi?” Alikuwa anafikiria Iten ya Kenya, mita 2,400 juu ya bahari, au vilima vya Mbulu, wanakotoka mabingwa. Namheshimu, lakini hapo hakusema kweli, na kauli hiyo imewakatisha tamaa vijana wengi wa pwani wenye miguu mizuri.

Tarehe 24 Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilikimbiwa Mombasa, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia aliingia akiwa hajashindwa katika mbio za nyika kwa zaidi ya miaka mitano. Mzunguko wa mwisho akatoka njiani, joto limemmaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ubingwa. Wengi wengine hawakumaliza. Mlima haukuwapo pale. Ilikuwapo Machi ya pwani.

Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka. Hewa yetu ya Machi imeshiba maji, kwa hiyo jasho halina pa kwenda. Linachuruzika mpaka kwenye soksi huku mwili ukizidi kuchemka, na moyo unapiga kana kwamba unapanda kilima. Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Singida alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, alimaliza kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros, mpaka ikabidi picha ya mstarini iamue. Tokyo nayo iko kando ya bahari, na siku zile joto lake lilikuwa la kunata. Ushindi ule haukutengenezwa kwenye mchanga wetu, hilo nalikubali. Lakini anayetaka kuizoea hali ya hewa ya namna ile hana haja ya kwenda mbali, na kijana wa Makunduchi amezaliwa ndani yake.

Halafu kuna upepo. Ufukwe wetu unanyooka takriban kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo upepo wa kusi ukivuma, Juni mpaka Septemba, anayetoka Bwejuu kwenda Jambiani anaupokea usoni njia nzima. Kuna asubuhi unaegemea hewa kama unasukuma mlango. Wakati huo mimi huanza kwa kuukabili nikiwa na nguvu, kisha narudi nao mgongoni. Upepo wa kaskazi wa Januari na Februari unageuza mpango huo: naanzia Jambiani.

Sasa mchanga wenyewe. Ule wa juu, chini ya mivinje, ni laini kama unga wa mhogo. Mguu unazama na vigimbi vinawaka kabla hujafika mbali. Shuka chini, mahali palipoachwa na maji kiasi cha saa moja iliyopita. Huko mchanga umeshikana, na ukiukanyaga unapauka ghafla kuizunguka soli, kama umekunywa maji yake, kisha unarudia rangi ya kijivu ukishapita. Huo ndio wa kukimbilia. Tatizo lake ni kwamba ufukwe umeinama kidogo kuelekea baharini, mguu mmoja unabeba zaidi, na goti litakuuma ukizoea upande mmoja. Nenda na urudi kwa njia ileile, kila mguu upate zamu yake.

Mbele ya Paje yanaanza mashamba ya mwani. Kilimo hiki kiliingia hapa mwaka 1989, na mpaka leo wanaokishika zaidi ni kinamama. Vigingi vimepigwa kwa safu, kamba zimevutwa kati yake, na mwani umefungwa shada kwa shada. Mwaka wangu wa pili wa kukimbia nilitaka kufupisha njia nikakatiza humo. Kamba ikanishika kifundo, nikaanguka, na vigingi viwili vikang’oka. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye maji ya magoti akanyanyua kichwa.

“Shikamoo, bibi. Nisamehe.”

“Marahaba, mwanangu. Umeumia?” Akaja polepole, akaokota jiwe. “Hapa ni shamba, kama lile la mihogo la babu yako. Ungepita juu ya mihogo?”

Nikashika kigingi, yeye akapiga. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa chumvi, kucha zimepauka, na alipiga mara tatu tu kila kimoja, kikasimama. Kisha akanionyesha kwa kidole utepe wa mchanga mweupe uliopita kati ya mashamba. “Njia ndiyo ile. Na ukiwa huku nje, usitazame maji ya mbele yako. Yakianza kurudi yanaingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma, kati yako na nchi kavu.”

Sikumsikiliza vizuri. Mwezi uliofuata, siku ya bamvua, nilikwenda mbali kwenye fungu la mchanga, nikifurahia ukavu wake, na nilipogeuka mkondo wa nyuma ulikuwa umeshafika kifuani. Nilivuka, raba nimezishika juu, nguo zimekuwa nzito kama nimevaa magunia. Tangu siku hiyo, maji yakishagota na kuanza kugeuka, mimi niko upande wa minazi.

Ndani, nyuma ya vijiji, ni hadithi nyingine. Kwetu tukisema uwanda tunakusudia nchi ya mawe ya matumbawe, ambako udongo umejikusanya vishimoni tu na watu wanalima ndani ya kuta za mawe yaliyopangwa kwa mkono. Vijia vinapita kati ya vichaka vya mdaa kuelekea Makunduchi. Jiwe la katikati limelainishwa na nyayo za wakata kuni, la pembeni lingali kali kama wembe. Hukimbii kwa kasi humo. Unakimbia kwa macho. Upepo haufiki, kwa hiyo ikipita saa 2 asubuhi nakushauri usiingie. Navipenda vijia hivi pengine kuliko ufukwe, kwa ule ukimya wake. Barabara ya lami ya kutoka Paje kwenda msitu wa Jozani naiachia vikundi vya jogingi, ambao wakiwa wengi madereva huwaona. Mtu peke yake hapaswi kukimbia pale, pembeni hakuna nafasi na magari yanakwenda kasi. Kima punju wenyewe wanagongwa.

Linaloniuma ni njia za kushukia pwani. Nilipokuwa mtoto, kati ya nyumba yetu na skuli kulikuwa na vichochoro saba vya kwenda baharini. Leo vimebaki vitatu. Vingine vimekuwa kuta, na kuta hizo hazikuishia kwenye minazi: mahali pamoja ukuta umesogea mpaka maji ya bamvua yanaugonga, na mawimbi yanayougonga yanaondoka na mchanga wa mbele yake. Maji yakijaa, hapo hakuna ufukwe tena. Nilipopita mwaka huu, mlinzi, kijana wa kijijini kwetu ambaye namjua mama yake, alinisimamisha akitazama chini. “Dada, wamesema hapa ni kwa wageni.” Sikumlaumu. Niligeuka nikapita ndani ya maji.

Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 inasema ardhi ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Basi nawaomba masheha na wapimaji: kabla kiwanja cha ufukweni hakijatolewa, kichochoro kinachopita hapo kichorwe kwenye ramani, na upana wake upimwe kwa mama mwenye gunia la mwani kichwani anayepishana na mwenzake. Anapopita yeye, mkimbiaji atapita, mvuvi na nyavu zake atapita, na mtoto wa skuli atapita. Sisi wakimbiaji tuna kazi yetu hapa. Njia isiyopitwa inafungwa bila kelele, kwa kuwa hakuna wa kuuliza iko wapi. Ndiyo maana kila wiki napita vile vichochoro vitatu vyote, hata kimoja ambacho hakinifikishi popote ninapotaka, na kila ninayemkuta namsalimia, ili watu wazoee kuona kuna mtu hupita hapo.

Jumamosi hii ni tarehe 11 ya mwezi mwandamo. Nitaondoka Bwejuu saa 12 na nusu, nitashuka na maji yanayokupwa, na natarajia kuwa Paje yakiwa yamekaribia kugota. Anayetaka twende pamoja anisubiri kwenye mivinje pale Paje, aje na maji yake ya kunywa, na akiona vigingi azunguke.