Friji zetu na barafu ya Antaktika
Makala moja niliyosoma inadai kuwaweka watu mwaka mzima kwenye barafu ya Antaktika ni kutupa fedha. Sikubali hata kidogo. Mimi ni fundi friji hapa Ngamiani, Tanga, na gesi ya kupozea friji ya R-12 niliyojifunzia kazi iliondolewa sokoni baada ya vipimo vya kituo cha utafiti cha Halley cha Waingereza huko Antaktika, kilichoanzishwa 1956. Gesi ile huharibu ozoni, tabaka la angani linalotukinga na miale mikali ya jua, na tundu la ozoni hutokea huko Septemba na Oktoba, meli zikiwa bado hazijaweza kufika. Kama wasingekuwepo watu waliovumilia siku zaidi ya 100 bila kuliona jua, nani angepima? Matokeo yalitangazwa 1985, na 1987 Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kuondoa gesi zinazoharibu ozoni, ikatiwa saini. Mafundi wenzangu, kuna ambaye bado analetewa friji za gesi ile?