Darasa la Mawingu

Waliotafuta Kiswahili cha teknolojia walituonya mapema, tatizo hatukuwasikiliza. Hizi dunia za ndani ya kompyuta waliziita dunia pepe. Aliyewahi kupepeta mpunga anaijua pepe: ganda lipo, umbo lipo, ndani hamna kitu. Sasa wewe umemaliza kidato cha nne, ung'eng'e ulikupitia kando miaka yote minne japo ndio uliofundishiwa karibu kila somo, halafu umeona tangazo linasema utajifunza Kiingereza umekaa kwenye mgahawa wa London bila kuvuka mtaro wa Tandale. Umejiandikisha. Karibu kwenye pepe.

Tusiseme uongo, wazo lenyewe si la kitapeli. Second Life, mojawapo ya dunia hizo, ilifunguliwa mwaka 2003 na Linden Lab ya San Francisco, na haikupita miaka mingi walimu wa lugha wakahamia humo na madarasa yao. Unatengeneza avata, kikaragosi chako, cha mtu au cha mnyama, unakipa jina lisilo lako, kinatembea, kinakaa, kinaongea kwa sauti yako. Faida yake kubwa ni kuua aibu, na kwa mji huu aibu ndiyo ugonjwa wa kwanza wa kimombo, sarufi inafuata kwa mbali. Kijiweni ukimwita mwanamke "he" mara moja tu, umeshabatizwa, na jina hilo utazikwa nalo. Kule ndani hakuna anayekujua. Ukikosea, aliyekosea ni mbwamwitu aliyevaa suti.

Balaa linaanza kwenye saa. Somo linatangazwa "10 AM SLT". Mswahili akiona ten anasoma kumi, na saa kumi kwetu ni jioni, watu wanatafuta daladala. Anaingia saa kumi, anakuta ukumbi mtupu, analaani. Kumbe ten ya asubuhi ni saa nne, hesabu ya kujumlisha sita tuliyofundishwa shuleni na ukubwani ikatutoka. Tena hiyo SLT, yaani Second Life Time, ni saa ya California. Kati yao na sisi kuna saa 10, kwa hiyo saa nne yao ya asubuhi ni saa mbili yetu ya usiku. Umeelewa? Usifurahi. Wenzetu wana mchezo wa kusogeza saa: Jumapili ya pili ya Machi wanaipeleka mbele, Jumapili ya kwanza ya Novemba wanairudisha nyuma, na ikisharudi pengo linakuwa saa 11, somo linaangukia saa tatu usiku. Sisi jua letu linachomoza kama saa kumi na mbili na kuzama kama saa kumi na mbili mwaka mzima, nani ana muda wa kulisumbua? Dawa yake ni kuliandika somo kwenye kalenda ya simu kwa saa za Los Angeles, simu igombane nao yenyewe.

Haya, umewahi. Umefungua programu, na hujawa mbwamwitu. Umekuwa wingu.

Ndiyo, wingu. Mpaka mwili wa avata ushuke wote kutoka kwenye seva, zile kompyuta za mbali zinazoitunza dunia yenyewe, wewe ni moshi unaoelea, na kuta ni za kijivu kama nyumba iliyokosa hela ya rangi. Intaneti ikiwa ya kuunga-unga, darasa zima ni mawingu, utafikiri masika yanaingia kutokea Kimara. Hapo ndipo mgeni anapobofya kila kitu kwa hasira, anajikuta anaruka juu ya paa, anatua baharini. Kaa hapo ulipo dakika mbili tatu, mwili utafika. Halafu ingia kwenye mipangilio ya michoro: umbali wa kuona shusha mpaka mita 64, vivuli zima, mng'ao wa maji zima. Kompyuta yenye RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 itajikokota, ya GB 8 inapumua.

Na bando? Piga hesabu mwenyewe. Ukivuta kilobiti 500 kwa sekunde kwa saa nzima, umekula MB 225. Sauti ya mwalimu haifiki hata robo ya hizo. Zinazokula ni picha, tena majani ya mnazi yanayotikisika nyuma ya mwalimu. Unalipia upepo, ndugu yangu, na minazi umeiacha Kigamboni inatikisika bure. Kwa hiyo usiwe mtu wa kuzurura kumbi mpya kila siku. Ukumbi ukishauzoea, picha zake zinabaki kwenye kache, ghala dogo ndani ya kompyuta yako, na kesho hazishuki upya zote. Kuna fundi atakwambia safisha kache kila asubuhi ili mashine iwe nyepesi. Huyo ni sawa na mtu anayemwaga ndoo ya maji iliyojaa ili akapange foleni tena bombani. Kache husafishwa picha zikianza kuharibika, basi.

Halafu kuna kuchelewa kwa sauti. Kwenda pwani ya magharibi ya Marekani na kurudi ni zaidi ya kilomita 30,000, na mwanga ndani ya waya wa kioo unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata mambo yote yakiwa safi, imeshakwenda sekunde 0.15 kabla ya kugusa vituo vya njiani, na mara nyingi inavuka robo sekunde. Inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayofanya wote mnaanza kusema pamoja, wote mnanyamaza, wote mnasema "sorry", wote mnanyamaza tena. Mwalimu akimaliza kusema, hesabu moja, mbili, ndipo ufungue mdomo. Hiyo ni nyaya za intaneti za baharini zikiwa nzima, maana Mei 2024 zilipokatika, wengine hata uwingu waliukosa.

Jambo dogo linalovunja urafiki: maandishi ya kawaida humo ndani yanasomeka kwa walio ndani ya mita 20 tu. Ukipaza sauti yanafika 100. Mtu kasimama mlangoni, mita 25 kutoka kwa mwalimu, anaandika maswali saba, hajibiwi hata moja, anaondoka akisema Wazungu wana dharau. Sogea, baba. Hata msikitini hukai nje ukalalamika husikii hotuba.

Maiki nayo ina mambo. Hedifoni za Kariakoo zitazame kwenye pini kabla hujalipa: yenye mistari miwili myeusi ni ya kusikiliza tu, yenye mitatu ndiyo ina maiki. Muuzaji atakuapia kwa mama yake kwamba zote zinaongea. Hesabu mistari. Kompyuta ya mezani ya zamani yenye matundu mawili, la kijani la kusikia na la pinki la maiki, inataka adapta ya kugawa pini, la sivyo utasikia na hutasikika. Za Bluetooth zinaringa tu. Ukiwasha maiki yake, sauti inaporomoka inakuwa kama simu ya mezani ya mwaka 1985, kwa sababu nyingi haziwezi kubeba muziki mzuri na maiki kwa wakati mmoja, zinahamia njia ya simu. Za waya, tafadhali. Na weka kitufe cha kubonyeza ndipo uongee. Bila hicho, darasa la watu wa nchi sita litajifunza "viatu elfu tano, elfu tano, chagua mwenyewe" kutoka kwa spika ya machinga aliyepita dirishani kwako, na Mjapani mmoja atauliza ni methali gani hiyo.

Kuna wenye pesa watakwambia hayo yote ni ushamba, vaa miwani ya VR, ile inayokufunika macho yote, uwe ndani kabisa. Sawa. Miwani hiyo, ukitaka kusimama na kutembea, inaomba nafasi wazi ya angalau mita mbili kwa mbili. Chumba cha kupanga uswahilini ni futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu kwa tatu, na humo kuna kitanda cha tano kwa sita, kabati, mtungi wa gesi, ndoo mbili na begi la shemeji. Nafasi wazi ni pale mlango unapofungukia. Mwalimu anasema nyoosha mkono umsalimie mwenzako, wewe unaisalimia feni. Jasho la Februari linaziba vioo kwa ukungu, na jicho linaona unatembea wakati sikio la ndani linajua umesimama. Ubongo ukisikia ushahidi unaopingana hivyo huenda unaamua umekula sumu, kichefuchefu hicho. Ukilazimika, kaa kwenye kiti, hama kwa kuruka kituo hadi kituo badala ya kutembea, vua baada ya dakika 15. Mimi nasema hela hiyo inunue RAM.

Tuje kwenye hili wanalolinadi wauza programu za lugha za simu, "mafunzo yanayokufuata wewe binafsi". Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida akifundishwa mmoja kwa mmoja aliwapita 98% ya waliofundishwa darasani kwa kawaida. Wauza programu wameivaa hiyo kama hirizi. Wanachosahau ni kwamba mwanafunzi wa Bloom alikuwa mmoja. Simu ya Dar ina watu wanne. Asubuhi anaishika baba, mchana mtoto anajaza majina ya rangi na wanyama, jioni mama anaendelea alipoishia mtoto, usiku mjomba aliyekuja kutibiwa anajaribu bahati yake. Mashine inakusanya yote hayo inaunda mwanafunzi mmoja: ni mhasibu, anauza vipuri, anapenda dinosaria, na hajui rangi ya njano. Kesho yake inamwandalia somo huyo mtu, ambaye hayupo. Kila mmoja na wasifu wake. Programu ikikataa, kila mmoja na baruapepe yake.

Mtihani wa kupimwa mwanzoni nao tunauharibu kwa mikono yetu. Ukipata, swali linalofuata linapanda; ukikosa, linashuka; mwisho mtihani unakupa ngazi kati ya zile sita, A1 ya chini kabisa mpaka C2 ya juu kabisa. Sasa sisi tuna malezi ya mitihani, mtu hakubali kufeli mbele ya simu. Anamwita shemeji wa chuo akae pembeni, wanapata B2, wanapongezana, soda. Kesho analetewa mjadala wa sera za mazingira na mtu ambaye jana alikuwa anatafuta kusema "chenji sina". Mtihani ule unaufanya peke yako, na usilolijua usilibahatishe. A1 si tusi.

Na kabla hujalipa, chukua karatasi, andika kwa Kiswahili sentensi kumi ulizotamani kumwambia mgeni wiki hii ukashindwa. Dereva bajaji zake zinajulikana: foleni ya Ubungo, nauli si hiyo, hapa hatupakii, nisubiri nitafute chenji. Mpe mwalimu, aziwekee mandhari kule ndani, akae yeye kiti cha abiria. Mwalimu asiyezitaka karatasi hizo anakufundisha kitabu chake, na humo lipo somo zima la kununua sweta.

Maneno ya kukariri ni mkopo wa kausha damu, nakwambia mapema. Mfumo mmoja wa kadi za maneno unakuletea neno baada ya siku 1, kisha siku 6, kisha unazidisha kwa mbili na nusu, siku 15, unaendelea. Vizuri sana. Lakini ukiweka maneno 20 mapya kila siku, baada ya wiki chache marejeo ya siku moja yanafika 60 hata usiposahau neno hata moja, na ukienda msibani Tanga siku tano, unarudi deni limezaa. Wengi hufuta programu hapo. Matano kwa siku yanatosha, na siku ya msiba zima mapya, lipa ya zamani tu.

Makosa yenyewe tunayoingia nayo kule yana ukoo, si ya bahati mbaya. Yeye wetu hana jinsia, ndiyo maana mke wa mtu anageuka "he". "Nimekuja jana" inatoka "I have come yesterday", wakati wao wakishataja jana, ile "have" inafukuzwa. Irabu zetu ni tano, zao ni zaidi ya kumi, kwa hiyo meli na kondoo, "ship" na "sheep", kwetu wanalala zizi moja. Mwambie mwalimu akufanyishe jozi hizo dakika tano kila somo, sikio kwanza, mdomo baadaye. Ila tujipongeze mahali: "th" inayowatesa Wafaransa sisi tumezaliwa nayo, themanini na dhahabu tunatamka bila jasho. Anayesema semanini ajitafutie dakika zake tano.

Lakini neno "pole" ndilo linaloumbua. Avata ya mwenzako imeanguka ngazi, wewe kwa malezi yako mema unasema "sorry". Anakuuliza kwani wewe ndiye uliyenisukuma? Unaona aibu ya kijiweni imekufuata mpaka kwenye kompyuta. Hawana pole, hawana, wana "are you okay?", yaani wanakuhoji kwanza.

Na "nakuja". Kwetu anayesema nakuja ndiye anayeondoka. Luku inalia, unit moja imebaki, mwanafunzi muungwana anaandika "I am coming" na kuinuka. Laptopu ina chaji, bando lipo kwenye simu ya mke, avata imebaki kwenye kiti. Mwalimu wa Manchester anaitazama. Anakuja kutoka wapi, si huyu hapa mbele yangu? Anasubiri. Baada ya muda kichwa cha mbwamwitu kinainama kifuani kama konda aliyesinzia safari ya mwisho ya Mbagala, na darasa zima la mawingu linamngojea afike, wakati yeye yuko ukutani gizani, tochi mdomoni, anabonyeza tarakimu 20 za luku, na ile ya kumi na saba kaikosea.