Perovskaiti bila risasi: kompyuta imesema ndio, fuwele imekataa

Watu wa sola wanabishana sana siku hizi, eti hesabu za kompyuta za kutafuta perovskaiti (aina ya fuwele inayogeuza mwanga kuwa umeme) isiyo na risasi zinasaidia kweli au zinajaza majedwali tu? Mi naona pande zote zina hoja ila hazina uzito sawa.

Seli za perovskaiti zilianza Japani 2009 zikiwa na ufanisi wa asilimia 3.8, leo zimevuka 26, na zinazoongoza zote zina risasi ndani, sumu ambayo paneli ikipasuka mvua inaweza kuishusha ardhini. Kwa hiyo lazima kitu kingine kikae nafasi ya risasi, na michanganyiko ni mingi mno, ukisema upike kila mmoja maabara utazeeka. Hapo ndo nadharia ya msongamano wa elektroni inapookoa muda, ile iliyompa Walter Kohn Nobeli ya kemia 1998, unaipa kompyuta mpangilio wa atomu inakupa pengo la nishati, yaani nishati ambayo elektroni inahitaji ili iachie na kubeba umeme.

Na inaeleza mambo. Chukua Cs2AgBiBr6, fedha na bismuthi zimeshika nafasi za risasi mbili, imara kweli lakini umeme wake kidogo. Hesabu zimeonyesha pengo lake lina karibu elektrovolti 2 (kipimo cha nishati) na si la moja kwa moja, yaani mwanga pekee hautoshi elektroni kuliruka kirahisi, wakati sola inataka 1.3 hivi, yaani hata ukiisafisha vipi tatizo liko kwenye muundo wenyewe.

Sasa upande wa pili. 2017 hesabu zikasema Cs2InBiCl6 ina pengo zuri la moja kwa moja, watu wakafurahi, alafu mwaka huohuo wengine wakaonyesha, kwa hesabu na kwa maabara pia, kwamba indiamu yenye chaji +1 haitulii humo. Pengo zuri la fuwele isiyoweza kuwepo la nini? Na kuna hili linaloniuma zaidi, kwenye risasi hesabu za bei rahisi zilikuwa zinapatia pengo kwa bahati, kosa moja linalipunguza na kuacha athari ya spini na mzunguko (jinsi elektroni inavyojizungusha inavyogusana na mzunguko wake kwenye kiini, kubwa kwenye atomu nzito) kunalipandisha, yanafutana. Ukiweka bati badala ya risasi athari hiyo ni ndogo, kosa linabaki uchi na CsSnI3, perovskaiti ya bati, inatoka na pengo dogo kuliko la kweli, kwa hiyo anayebeba mbinu ileile bila kufikiri anajidanganya.

Kwangu mimi kosa liko kwenye mpangilio wa maswali. Uliza kwanza kama kitu kitavunjika kurudi chumvi zake na kasoro gani (atomu kukosekana au kukaa pasipo pake) zitaundika, pengo baadaye. Kwenye bati hesabu za kasoro zimefanya hivyo, zikaonyesha atomu za bati zinatoka kirahisi na kuacha nafasi wazi, na maabara wanaongeza floraidi ya bati wakati wa kupika ili kuzipunguza. Bati lenyewe bado linapenda kuhama kutoka chaji +2 kwenda +4 likikutana na hewa, na hapo ndo ningependa kompyuta zitumie saa zao.