Sinki moja, mabomba mawili
Nchi iliyopitisha treni chini ya ardhi ya London tangu 1863, hadi leo imeshindwa kuyafanya maji ya moto na ya baridi yatoke bomba moja! Sinki ni moja, mabomba mawili. La kushoto linakubabua, la kulia linagandisha vidole. Sasa tawadha alfajiri ya Januari uone: unakinga kiganja huku, unakikimbiza kule, maji yameshamwagika mkononi. Nimeishia kuweka kopo bafuni, kama niko uani kwa bibi.

Sababu nilielezwa, na zamani ilikuwa na maana. Maji baridi ya kunywa yalitoka moja kwa moja kwenye bomba kuu la mtaa. Ya moto yalitokea kwenye tangi la darini, ambamo hata panya angeweza kufia. Ikaogopwa yasichanganyike. Haya, nimeelewa. Lakini nyumba nyingi siku hizi zina boila inayopasha maji ya bomba kuu papo hapo, tangi hakuna! Na bado utayakuta mabomba mawili, kila moja na pembe yake, tena mafupi, yamebanana na ukingo hata kiganja hakipiti.

Ukiwalalamikia wenyewe wanakushangaa: si uzibe sinki uchanganyie humo? Ati ninawe uso kwenye sinki lenye povu la dawa ya meno ya jana. Ahsante, kopo langu linanitosha.