Mstari wa mwisho wa andalio la somo

Nilifundisha Hisabati shule ya msingi mkoani Dodoma miaka sita kabla ya kuhamia Birmingham. Miaka yote hiyo, pale mwishoni mwa andalio la somo penye "tathmini ya mwalimu", nilijaza maneno yale yale: "Somo limeeleweka." Mara nyingi niliyaandika usiku, hata darasani sijaingia. Andalio linapita kwa mwalimu mkuu, na mdhibiti ubora akija ataliulizia. Nani atajiandikia kosa mahali ambapo mkubwa wake anasoma?

Huku, mwalimu aliyekuwa ananilea kazini aliniambia niweke tableti nyuma ya darasa, nijirekodi, nitazame peke yangu, kisha nifute. Somo lilikuwa sehemu. Nikajiona nauliza, "Robo tatu na nusu, ipi kubwa?" na kabla mtoto hajavuta pumzi nimeshajibu mwenyewe. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliliona hili tangu miaka ya 1970: walimu wengi husubiri jibu kama sekunde moja tu, na wakivumilia hadi tatu, majibu hurefuka na watoto wakimya nao huanza kusema. Nusu saa nzima niliwaita watoto watano, wote wa meza za mbele. Binti wa dirishani alinyoosha mkono mara nne. Sikumwona. Nililia usiku ule, kwa sababu nilikumbuka darasa langu la nyumbani lenye watoto 90, nikajiuliza ni wangapi sikuwaona.

Sisemi Uingereza ni peponi. Hadi Septemba 2024 wakaguzi wa Ofsted, taasisi ya ukaguzi wa shule ya huku, walikuwa wakiipa shule nzima hukumu ya neno moja, na hofu ya ukaguzi niliyoikuta huku ni ile ile niliyotoka nayo. Kilichonibadilisha ni ile video ambayo hakuna mkubwa aliyeidai.

Ndiyo maana naomba kipengele kile cha "tathmini ya mwalimu" kiwe mali ya mwalimu, kisitumike kumpima. Vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, Tanzania tunavyo tayari, walimu wanakaa shuleni kwao kujadili mada ngumu. Aliyejikosoa akaeleze pale, mbele ya wenzake wanaofundisha watoto wale wale. Na vifaa visitutishe. Simu ya kawaida juu ya meza inarekodi sauti dakika kumi, inatosha kabisa.

Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu, sasa yuko Kondoa, amejaribu. Juzi alinipigia picha andalio lake: "Nusu ya darasa hawajaelewa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Nimeenda haraka. Kesho nirudie kwa vipande vya chungwa." Anaogopa, maana Ijumaa linakaguliwa.