Bwawa la Mawimbi Lifundishe, Lisitawaze Bingwa

Katika nusu fainali ya mchezo wa kuteleza kwenye mawimbi, Olimpiki ya 2024, bahari ya Teahupo'o kule Tahiti iligoma. Gabriel Medina wa Brazil, ambaye siku chache kabla alikuwa amepewa alama 9.90 kati ya 10 kwa wimbi moja, alikaa juu ya ubao wake akikodolea macho upeo huku dakika zikiyoyoma. Majaji hujumlisha alama za mawimbi mawili bora ya kila mshindani. Medina aliambulia moja tu. Jack Robinson wa Australia akapita kwa 12.33 dhidi ya 6.33, na ndoto ya Medina ya dhahabu ikaishia hapo kwa sababu maji yalitulia.

Kwa watetezi wa mabwawa ya mawimbi bandia, ushahidi hauwezi kuwa bora kuliko huo, na wapenzi wa bahari tusiupuuze. Huko Lemoore, California, katikati ya mashamba, bingwa wa dunia mara 11 Kelly Slater na wahandisi wake walionyesha mwaka 2015 bwawa ambamo bawa kubwa huvutwa chini ya maji kwenye reli na kuinua wimbi linalombeba mtelezaji karibu dakika nzima. Likipita la kwenda kulia, linafuata la kwenda kushoto. Kila mshindani hupata idadi ileile ya mawimbi, yenye umbo lilelile. Hakuna wa kulalamika kwamba kanyimwa nafasi.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1985 mashindano ya kulipwa yalifanyika bwawani Allentown, Pennsylvania, na Tom Carroll wa Australia akashinda kwenye vijiwimbi ambavyo baharini asingehangaika navyo. Kilichobadilika ni ubora. Mitambo ya kampuni ya Wavegarden ya Hispania, kama ule uliofunguliwa Bristol, Uingereza, mwaka 2019, inaweza kutoa hadi mawimbi 1,000 kwa saa.

Hapo ndipo faida kubwa ilipo, kwa maoni yangu, na iko kwenye mazoezi kuliko kwenye mashindano. Baharini, muda mwingi unaishia kupiga makasia kwa mikono na kusubiri. Kuteleza kwenyewe ni sekunde chache. Anayejifunza kuruka hewani akaanguka, huenda asipate wimbi la namna ile tena hadi wiki ijayo, na kosa lake linakuwa limeshasahaulika mwilini. Bwawani analipata tena baada ya muda mfupi, anarekebisha mguu wa nyuma, anajaribu tena. Mtoto anayeishi mbali na pwani anapata mlango ambao hakuwa nao. Mtu mwenye ulemavu anaingia kwenye maji yenye kina kinachojulikana, msaidizi akiwa pembeni. Anayebeza haya hajawafikiria watu hao.

Lakini tuangalie kile ambacho mashine haifundishi. Mtelezaji aliyekaa baharini huchagua alama mbili nchi kavu, tuseme mti na paa la nyumba, azipange mstari mmoja ili ajue mkondo umemsogeza kiasi gani. Anaona mistari mitatu myeusi ya mawimbi ikija kwa mbali, anaamua kuliacha wimbi la kwanza kwa kuwa la pili linaonekana nene zaidi, na anahamia pale anapodhani litavunjika. Akikosea, anapigwa na la tatu. Maamuzi hayo yote hufanyika kabla hajasimama kwenye ubao, na ndiyo yanayomtofautisha mahiri na mwenye misuli tu. Bwawani, mtambo ukinguruma anajua wimbi litaibukia wapi, litakuwa na urefu gani na litajikunja sekunde ya ngapi. Nusu ya mchezo imeshaamuliwa na mhandisi.

Hata ile haki tuliyoahidiwa haikutimia. Ligi ya dunia, WSL, iliingiza bwawa la Lemoore kwenye ziara ya ubingwa mwaka 2018. Mwaka 2023, Medina na Wabrazil wenzake Italo Ferreira na Filipe Toledo walilalamika hadharani kuhusu utoaji wa alama. Sishangai. Mawimbi yakifanana na washindani wakifanya mbinu zinazokaribiana, jaji hubaki akipima vitu vidogo mno, na ladha yake ndiyo inayoamua. Bahati haijaondoka, imehama kutoka majini hadi kwenye meza ya majaji.

Kuna pia suala la fedha. Bahari haina tiketi. Bwawa lina mwenyewe na saa zake za kulipia. Vipaji vikianza kupimwa kwa mbinu zinazonolewa bwawani, kijana wa pwani asiye na kitu atazidiwa na mwenye uwezo wa kununua mawimbi. Na wanaofunzwa bwawani, ambako zamu hupangwa na wafanyakazi, siku moja watakwenda baharini. Wasipofundishwa kwamba aliye karibu zaidi na kilele cha wimbi ndiye mwenye haki nalo, wataumiza watu.

Gharama ya maji na umeme ni hoja nzito zaidi mahali pakame: mwaka 2022 halmashauri ya La Quinta, mji wa jangwani California, ilikataa mradi wa bwawa la aina hii baada ya wakazi kupinga. Penye mvua na umeme wa jua hesabu inaweza kuwa tofauti.

Kwa hiyo mabwawa yajengwe pale mazingira yanapoyamudu, na yawe na taji lake lenyewe, lenye vigezo vya alama vilivyotungwa kwa ajili ya wimbi lisilobadilika. Ubingwa wa dunia na medali za Olimpiki zibaki baharini; Michezo ya Los Angeles ya 2028 tayari imepangiwa Lower Trestles, ufuo wa bahari huko California, na ni uamuzi mzuri. Yaliyomkuta Medina yana dawa isiyohitaji mtambo: katika nusu fainali na fainali, saa isimamishwe pale maji yanapotulia kupita muda uliokubaliwa, kisha iendelee seti mpya ya mawimbi inapoingia.