Wagonjwa watatu tu: pepa za Carl June zinatuhusu nini sisi wa Mbeya?

Juzi tupo kijiweni Mwanjelwa tunakunywa kahawa, dogo mmoja anayesomea maabara akatuonesha kwenye simu orodha ya pepa, yaani ripoti za utafiti, za Profesa Carl June wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, yule wa tiba ya kansa inayoitwa CAR-T. Mamia ya pepa, unasukuma kidole mpaka kinachoka. Kaka mmoja dereva wa lori akamuuliza, sasa dogo, makaratasi yote hayo na mgonjwa wa huku si bado anapanda basi kilomita zaidi ya 800 kwenda hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar? Kijiwe chote kikamuunga mkono.

Mi nilinyamaza lakini sikukubali, na tangu siku hiyo jambo lenyewe limenikaa kooni.

Kaka ana hoja, tusimdharau. Dawa ya kwanza iliyotokana na kazi hiyo ilipitishwa Marekani Agosti 2017 kwa bei ya dola 475,000, yaani zaidi ya shilingi bilioni 1 kwa mgonjwa mmoja, hapo hujalipia kitanda. Halafu kuhesabu pepa kunadanganya, maana maabara ikiwa kubwa jina la bosi linakaa karibu kila mahali, na ukiangalia idadi tu utadhani mtu mmoja kafanya yote wakati wazo la kuipa seli T, askari wa kinga ya mwili, kipokezi cha kutengenezwa cha kumtambulia adui Zelig Eshhar kule Israeli alishaliandika tangu 1989, na kina Michel Sadelain wa New York mwaka 2003 walishaonesha kwa panya kwamba ukilenga CD19, alama iliyo juu ya seli za kansa, kansa ya damu inapigika. Hapo sina ubishi.

Ila jamani tuangalie pepa za kina June za 2011. Wagonjwa watatu. Watatu tu, wazee wenye kansa ya damu ya muda mrefu, kwa sababu hela ya utafiti ilikata na wa nne hakuwezekana. Walitolewa seli T zao, zikapewa maelekezo mapya kwa kubebwa na kirusi cha HIV kilichong'olewa meno, kirusi kile kile kilichotuzikisha ndugu zetu huku Mbeya, zikarudishwa mwilini. Wawili kansa ikapotea kabisa, wa tatu ikapungua. Wakapiga hesabu wakakuta kila seli moja iliyoingizwa iliangamiza kwa wastani seli za kansa 1,000 au zaidi. Sasa fikiria wangesema tusubiri tufike 50 ndo tuandike, na hela hakuna! Kazi ingeishia kwenye friji. Waliandika hao watatu, dunia ikasoma, mwaka uliofuata kampuni ya Novartis ikaja na hela. Na mmoja wa wale watatu, Doug Olson, pepa ya 2022 inaonesha zaidi ya miaka 10 baadaye seli zile bado zipo mwilini mwake na kansa haijarudi.

Kinachonigusa zaidi ni pepa ya 2013 ya watoto wawili. Wa kwanza ni Emily Whitehead, alikuwa na miaka 6, alipopewa seli hizo homa ikapanda mpaka akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, akaokolewa na dawa ya ugonjwa wa viungo, tocilizumab, ambayo June aliijua kwa sababu binti yake mwenyewe anaumwa viungo. Huyo dunia nzima inamjua. Wa pili hana jina, alipona halafu baada ya kama miezi miwili kansa ikarudi imeivua ile alama ya CD19, seli zikawa hazimuoni tena adui. Wangeweza kumtaja Emily peke yake wakapigiwa makofi. Wakaandika wote wawili.

Na hiyo bei nayo, Wahindi wa Mumbai wakalenga CD19 hiyo hiyo kwa kipokezi walichokitengeneza wenyewe, 2023 yao ikapitishwa kwa kama dola 50,000. Bado ni hela nyingi mno kwa mkulima wa viazi wa Umalila, najua, lakini ni karibu moja ya kumi, na wasingepajua pa kulenga kama hakuna aliyeandika. Hata mbegu za maharage za kituo cha Uyole tunapanda kila msimu bila kusoma ripoti yake hata moja, ila ripoti zisingekuwepo na mbegu isingekuwepo.

Nikamtumia dogo ile pepa ya 2013, kuisoma ni bure. Usiku akanipigia, shikamoo hata hakusubiri niitikie, anauliza huyu mtoto wa pili, braza, wakamfanyaje? Nikamwambia kuhusu yeye sijui, ila asome pepa ya 2018 ya wenzao wa taasisi ya kansa ya taifa ya Marekani, wale walikwenda kulenga alama nyingine, CD22, na wengi wa wagonjwa wao walishapitia tiba ya CD19 kabla.